Nidhamu Ina Bei Yake

Mtu akipoteza pesa kwenye biashara ya hisa, sisi tulio pembeni huwa na jibu moja mkononi: hakuwa na nidhamu. Angeshika mkakati wake mmoja, asingeanguka. Jibu hili ni rahisi kulitoa kwa sababu halitugharimu kitu. Aliyepoteza anakuwa mkosaji, na sisi tunakuwa wenye hekima. Nataka kuuliza kama jibu hilo ni la haki. Je, nidhamu ni tabia ambayo mtu anayo au hana, kama vile urefu wa mwili? Au kuna kitu kinachoitangulia, ambacho kikikosekana hata mwenye moyo wa chuma hawezi kushika mkakati wowote?

Swali hili si la watu wa Nairobi na New York peke yao. Hapa Kakuma, ninakofanya kazi na vijana, simu imelifikisha soko mpaka chini ya mabati yetu. Jioni jua likipoa utawakuta wamekaa kando ya duka lenye umeme wa sola, mmoja ana bando, wanne wanachungulia grafu kwenye simu yake. Wanaita kutreidi. Wengine wananunua na kuuza pesa za kigeni. Wengine wananunua vipande vya hisa za kampuni za Marekani. Wengine wanakimbiza namba tu zinazotengenezwa na mashine, hakuna kampuni wala bidhaa nyuma yake. Hiyo ya mwisho mimi naiita kamari na sitaizungumzia. Nazungumzia hisa, yaani kipande cha umiliki wa kampuni, ambacho bei yake inapanda na kushuka kila siku soko likiwa wazi.

Kila kijana ana video aliyoitazama, na kila video ina mkakati wake. Jumatatu wanafundishwa kununua hisa inayopanda. Jumatano imeshuka, basi wanaambiwa ati akili ni kununua inayoshuka. Ijumaa kuna mwalimu mwingine mwenye mistari mitatu ya rangi. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawa wameshika saba.

Kwanza nikubali kwamba wanaowasema vijana hawa wana hoja. Kila mkakati una msimu wake wa kushindwa. Mtu anaingia kwenye mkakati lini? Ni pale anaposikia unasifiwa, na unasifiwa kwa sababu umetoka kufanya vizuri. Anatoka lini? Ni pale umemuumiza mara nne au tano. Kwa hiyo anayehamahama anaokota hasara za kila mkakati na faida zake anawaachia wengine. Ni kama mtu anayepanda muhogo, baada ya miezi mitatu anang'oa kuona kama umezaa, anakuta mizizi myembamba, anapanda mahindi. Mahindi yakichelewa mvua anayang'oa anapanda maharage. Mwisho wa mwaka amelima kuliko jirani zake wote na hana cha kutia kwenye sufuria.

Na hesabu yenyewe inashangaza mtu ambaye hajaizoea. Chukua mkakati unaoshinda mara 4 tu kati ya 10. Ukishindwa unapoteza shilingi 100, ukishinda unapata 300. Katika biashara 10 umepata 1,200, umepoteza 600, umebaki na faida ya 600. Ni mkakati mzuri. Lakini mwenye mkakati huo ameumia mara sita na kufurahi mara nne. Akifanya biashara 100, kushindwa mara tano mfululizo ni jambo la kutarajia kabisa, halina uchawi ndani yake. Mtu asiyejua hivyo, akifika kipigo cha tano, atasema kama kijana mmoja alivyoniambia: "Dada, hii mkakati imekufa." Kumbe haijafa. Iko katikati ya kazi yake.

Kuna kisa maarufu ambacho wapenda nidhamu hukisimulia sana, nami nitakisimulia, kwa sababu nadhani kina funzo tofauti na lile wanalolitoa. Mwaka 1983 huko Chicago kulikuwa na mfanyabiashara wa masoko aitwaye Richard Dennis. Alikuwa ameanza na mtaji mdogo akawa tajiri mkubwa. Rafiki yake William Eckhardt alikuwa akibishana naye: biashara hii inafundishika, au mtu anazaliwa nayo? Dennis alisema inafundishika. Wakatangaza nafasi magazetini, wakachagua watu ambao wengi wao hawakuwa wazoefu, wakawafundisha kwa wiki mbili tu. Aliwaita Turtles, yaani kobe. Kanuni zao zilikuwa za kuandikwa kwenye karatasi. Moja ilisema: nunua bei ikipita kiwango cha juu kabisa cha siku 20 zilizopita, toka ikishuka chini ya kiwango cha chini cha siku 10. Hawakuwa kwenye hisa hasa, walifanya mikataba ya bidhaa kama kahawa na dhahabu, na ya pesa za kigeni, lakini somo ni lile lile. Walishindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda, na faida ilitoka kwenye safari chache ndefu. Waliofuata kanuni walipata pesa nyingi sana. Wengine, waliofundishwa chumba kimoja na karatasi zile zile, hawakuweza kuzifuata, na wapo walioondolewa.

Msimulizi akifika hapo hufunga kitabu na kusema: mnaona? Kanuni ni moja, tofauti ni nidhamu.

Lakini kuna mambo mawili anayoyapita mbio. La kwanza: pesa ilikuwa ya Dennis. Wale kobe hawakuuza ng'ombe wa baba. Siku akaunti iliposhuka, nyumbani kwao chakula kilipikwa kama kawaida. La pili: kanuni zao zilipima ukubwa wa kila biashara, kwamba ikienda vibaya isile zaidi ya asilimia 2 hivi ya akaunti. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mkakati, tena ndiyo sehemu iliyowawezesha kuzifuata sehemu nyingine.

Tupige hesabu tena. Una shilingi 10,000. Kila biashara unahatarisha asilimia 2 ya ulichonacho. Ukishindwa mara kumi mfululizo, jambo baya kweli kweli, unabaki na shilingi 8,170 hivi. Inauma lakini unalala. Sasa mwenzako mwenye 10,000 zile zile anahatarisha robo kila mara. Akishindwa mara nne tu ana shilingi 3,160 hivi. Akifika mara kumi amebaki na kama 560. Na aliyepoteza nusu ya mtaji hahitaji faida ya nusu ili arudi alipokuwa, anahitaji kuuzidisha mara mbili. Watu hawa wawili wana mkakati mmoja, wananunua siku moja na kuuza siku moja. Wa kwanza tutamsifu kwamba ana nidhamu. Wa pili tutamcheka kwamba alitetemeka. Lakini je, tumewapima mioyo, au tumepima vipande walivyoweka mezani?

Ujuzi peke yake haumwokoi mtu hapa. Jesse Livermore alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa hisa mashuhuri kuliko wote Marekani. Soko la New York lilipoanguka mwaka 1929, yeye alikuwa ameweka upande wa kushuka akapata utajiri wa ajabu. Alikuwa na kanuni zake: kata hasara mapema, acha faida ikue, usisikilize maneno ya watu. Hata hivyo aliwahi kusikiliza maneno ya mtu kwenye soko la pamba, akashikilia penye hasara. Alifilisika zaidi ya mara moja. Mwaka 1934 alitangazwa muflisi tena, na mwaka 1940 alijiua. Mwaka huo huo kilikuwa kimetoka kitabu chake mwenyewe cha kufundisha jinsi ya kufanya biashara ya hisa. Kanuni alizijua kuliko sisi sote. Aliweka vipande vikubwa mno, na kipande kikubwa humtoa mtu kwenye akili yake, awe tajiri au maskini.

Sasa kuna mtu ataniuliza: kushika mkakati kunatofautianaje na ukaidi? Maana lugha yetu ina methali za pande zote mbili. Inasema subira huvuta heri, na inasema sikio la kufa halisikii dawa. Mtu akiwa kwenye hasara, atajuaje ni methali gani inamhusu?

Swali ni zito, na soko la Nairobi limelijibu kwa njia mbili. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyevumilia aliziona mwaka 2021 zikipita shilingi 40, kisha mwaka 2023 zikarudi chini ya 15. Huyo unaweza kumwambia subira huvuta heri, ingawa hata heri yenyewe haikutulia. Halafu kuna Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi mwa Kenya, ambayo watu wengi wa kawaida walinunua hisa zake. Ilididimia mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2019 benki iliyoidai ikaiweka chini ya msimamizi. Aliyevumilia Mumias alikuwa na subira ile ile. Kwa hiyo kushikilia peke yake hakuonyeshi wema wala ujinga wa mtu.

Mimi naona tofauti iko katika swali la nani aliyeamua, na lini. Mfano wake tunao hapa hapa, kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo tatu wanatunza watu watatu tofauti. Kwani wanachama ni wezi? Hapana. Ni watu wazuri waliokaa siku moja wakiwa wametulia, wakajua kwamba kuna siku mmoja wao atabanwa, na siku hiyo akili yake haitakuwa ile ya leo. Wakamfungia mlango kabla hajafika, kwa ridhaa yake mwenyewe. Tena wakaandika: mwisho wa mzunguko tutafungua, tutahesabu, na kanuni isiyofaa tutaibadilisha wote tukiwepo.

Hiyo ndiyo nidhamu kama ninavyoielewa. Ni ahadi ambayo mtu aliyetulia anampa mtu mwenye jasho, na wote wawili ni yeye. Kabla ya kununua anaandika: nanunua kwa sababu hii, natoka bei ikifika hapa, nitaupima mkakati huu baada ya biashara 50. Bei ikifika pale, anatoka. Biashara 50 zikiisha anakaa anahesabu, na kama mkakati umeshindwa anauacha bila aibu. Huyo si mkaidi. Mkaidi ni yule ambaye hakuandika mahali pa kutokea, au aliandika halafu usiku akapasogeza. Na mhamahamaji ni ndugu yake mkaidi, kwa sababu wote wawili wanamwachia mtu mwenye jasho afungue sanduku.

Lakini ahadi inatimilika tu kama kuitimiza kunawezekana, na hapa ndipo ninaporudi kwenye haki. Wakati ule wa Safaricom, watu wengi walikopa benki ili wanunue. Bei iliposhuka, mkopo haukushuka. Wapo waliouza kwa hasara kwa sababu marejesho yalikuwa yamefika, wakati jirani aliyenunua kwa akiba yake alikaa tu, hakufanya kitu. Leo jirani huyo anaitwa mwenye subira. Subira yake ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini ilikuwa na kitu cha kuiegemeza.

Kuna kijana ninayemfahamu, ana miaka 19. Alianza na shilingi 6,000 kwenye akaunti ya binamu yake. Nusu ilikuwa yake, ya kubeba mchanga wa laga. Nusu alipewa na mama yake, kutoka pesa ya unga, kwa ahadi kwamba itarudi imeongezeka. Alikuwa na mpango ulioandikwa vizuri tu: akae wiki tatu, atoke kabla ya hapo ikiwa tu bei itashuka chini ya kiwango fulani. Bei haikufika kwenye kile kiwango. Ilishuka kidogo tu. Siku ya nne akauza. Wiki ya tatu ilipofika, kama angebaki, angekuwa na faida ndogo. Wenzake walimcheka, wakamwambia hana roho ya soko.

Mimi nikamuuliza kwa nini aliuza. Akasema unga uliisha, wadogo zake walikuwa hawajala, na mama hakumuuliza kitu lakini alikuwa anamwangalia.

Jamani, huyo amekosa nidhamu wapi? Nasema kwamba siku ile ya nne alifanya jambo sahihi. Kushika mkakati huku watoto wanalala njaa kungekuwa uovu uliovaa nguo ya nidhamu. Kosa lilitangulia, siku ile shilingi 3,000 za unga zilipoingia kwenye mpango. Kuanzia hapo mkakati haukuwa wake peke yake. Ulikuwa wa mama, na wa wadogo ambao hawakuulizwa. Ahadi ya kuvumilia hasara mtu anaweza kujitolea mwenyewe. Hawezi kuitoa kwa niaba ya tumbo la mtoto.

Sisi wakimbizi tunapaswa kuielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mipango yetu imevunjwa na watu wengine mara nyingi. Mtu alikuwa na shamba, vita vikaja. Alikuwa kidato cha pili, akavuka mpaka akaanza upya kwa lugha nyingine. Anangoja jina lake la kusafiri, halitoki. Mgao unapunguzwa na hajaulizwa. Halafu mtu huyu aliyefundishwa na maisha kwamba ya kesho si yake, tunamwambia: kuwa na mtazamo wa mbali, shika mkakati mmoja miaka kumi. Tukiona hawezi, tunasema tabia yake mbovu. Hapana. Kukimbilia faida ya leo ni somo alilolipata kwa uchungu, na mahali pengine limemwokoa.

Basi maskini asiguse soko? Sisemi hivyo pia, maana ni dharau ya namna nyingine. Nasema aanze na swali ambalo video haziulizi: ni kiasi gani ambacho kikipotea chote, nyumbani hawatajua? Kama ni shilingi 200, mtaji wake ni 200. Kama jibu ni sifuri, mtaji wake ni daftari.

Daftari silitaji kwa utani. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikikaa na vijana wachache tunafanya biashara ya karatasi. Kila mmoja anachagua mkakati mmoja. Anaandika tarehe, bei, sababu ya kununua, bei ya kutokea, na kilichotokea. Hakuna senti inayotoka. Na hapa lazima niseme ukweli unaowafaa wale wanaosema ni tabia: hata bila senti, wapo walioshindwa. Mmoja aliruka siku ambazo kanuni ilimwambia anunue, kwa sababu aliogopa kushindwa kwenye karatasi. Wawili walifuta hasara kwa raba. Kwa hiyo iko sehemu ya nidhamu ambayo ni ya moyo tu, na haitokani na njaa. Sehemu hiyo naiita kutojidanganya. Mtu anayefuta kwa raba leo, atasogeza bei ya kutokea kesho. Yule tunaweza kumkosoa kwa haki, kwa upole, kama tunavyomkosoa mdogo wetu.

Lakini tukishaondoa ile sehemu, inabaki nyingine kubwa, na hiyo ni ya kiasi. Ukiweka kidogo, mkakati unashikika hata na mwoga. Ukiweka kisichowekwa, hata jasiri atauacha, na pengine atakuwa amefanya vizuri kuuacha. Ndiyo maana nasema nidhamu ina bei yake. Mwenye ghala lililojaa aliilipa bila kujua. Sisi tunailipa kwa kukubali kuwa wadogo, kuanza na 200 wakati mwenzako anaonyesha picha ya 200,000 kwenye simu, na kukaa na daftari wakati wengine wanapiga kelele. Unyenyekevu huo ni mgumu kuliko kusoma grafu, na hakuna video inayouuza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkimkuta kijana amepoteza, msianze kumuuliza kwa nini hakushika mkakati wake. Muulizeni kwanza aliweka pesa gani, na nani mwingine alikuwa anaitegemea.